Laptopu ndogo tano, na hakuna hata moja inayoiona flashi ya Linux

#1 KopiNaChapa (Langoni, Amu)
Asalaam aleikum. Kuna jambo limenikaa kitwani wiki ya pili hii, nalileta hapa.

Madrasa ya mtaani kwetu imeletewa laptopu ndogo tano kutoka Malindi. Mgeni mmoja alikuwa anafunga nyumba akaona asizitupe. Zote tumbo moja: prosesa Atom Z3735F, RAM GB 2, na badala ya diski kuna eMMC ya GB 32 iliyolehemewa kwenye bodi. Ndani mna Windows 10. Ukiiwasha alfajiri, hadi itulie jua limeshapanda. Na Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Nikasema niwatilie watoto Linux nyepesi, waandike insha, wasome PDF, basi.

Nina flashi yangu ya Puppy ya zamani, Linux ndogo yenye nembo ya mbwa, imeshafufua desktopu nyingi hapa mjini. Naichomeka, nawasha, nabonyeza Esc mpaka kidole kinauma, naingia kwenye mipangilio ya bayosi, ile programu ya bodi inayotangulia Windows. Orodha ya kubuti ina mstari mmoja tu: Windows Boot Manager. Flashi haipo. Natafuta mahali pa Legacy au CSM, ile njia ya kizamani ya kubuti, niwashe, hapapo. Sisemi pamezimwa, hapapo kabisa. Flashi ile ile nikiichomeka kwenye desktopu ya dukani, mbwa anabweka kama kawaida.

Tano zote ni hivyo hivyo. Nimekosea wapi?

#2 punda_wa_Mkunguni
Zimevuka na boti kutoka Mokowe? Basi bado zina kizunguzungu. Zilaze siku tatu.

Halafu maalim ana habari kwamba unamtilia mbwa madrasani?

#3 FundiMaweni (Malindi)
Hiyo ni Secure Boot, usihangaike. Tangu Windows 8, mwaka 2012, laptopu zinatoka kiwandani ikiwa imewashwa. Kazi yake ni kukagua sahihi ya programu inayotaka kuwaka, na isiyo na sahihi inayotambulika inafungiwa mlango. Ingia mipangilio, nenda Security, zima, hifadhi kwa F10, kwisha. Kama mstari wenyewe umefifia na haubonyezeki, weka kwanza nywila ya msimamizi wa bayosi, utafunguka. Nimezifungua nyingi kwa njia hiyo. Na nywila iandike mahali, usije ukarudi hapa na uzi mwingine.

#4 KilindiniByte (Mombasa)
Fundi #3 anaezeka kabla ya kuchimba msingi. Secure Boot mara nyingi huiacha flashi ionekane kwenye orodha, kisha ukiichagua ndipo unakataliwa. Huyu anasema haionekani kabisa.

BIOS ya zamani ilikuwa inasoma sekta ya kwanza ya diski na kuitekeleza bila maswali. UEFI, mrithi wake, haifanyi hivyo. Inatafuta patisheni ya FAT, inaingia ndani, inatafuta faili kwenye njia moja maalumu: \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Faili hilo lisipokuwemo, kwake flashi ni tupu hata ikiwa imejaa pomoni. Puppy yako ya zamani naona ina isolinux peke yake, na isolinux ni lugha ya BIOS. Desktopu ya dukani ina umri wake, inaielewa. Hizo ndogo hazina CSM, yaani hazina mkalimani.

Pakua ISO mpya (faili la kusakinishia) ya biti 64, ichome kwenye flashi kwa programu ya Rufus, chagua GPT na UEFI. Iwe FAT32, si NTFS.

#5 KopiNaChapa
Shukran. Ripoti: Secure Boot nimeizima zote tano, mbili ilibidi niweke nywila kama alivyosema Fundi. ISO mpya nimepakua, bando la wiki limeishia humo. Nimeifungua flashi nikaangalia kwa mato yangu, BOOTX64.EFI limo. Laptopu ya shemeji inaiona na inawaka vizuri. Hizi tano bado ni Windows Boot Manager peke yake.

Na mbwa nimemwondoa, hii ni distro (aina ya Linux) nyingine. Punda aridhike.

#6 KilindiniByte
Rufus ilikuuliza ISO au DD, ulichagua ipi? Rudia kwa DD, inayonakili ISO baiti kwa baiti. Badilisha na tundu pia, kama lipo la USB 2.

(“Kitwani”, “mato”. Mwamu wa damu huyu, hahitaji kuandika anakotoka.)

#7 dada_terminal (Watamu)
Kabla hajarudia chochote: hiyo Windows iliyomo ni ya biti 32 au 64? Fungua System, soma mstari wa System type, utuletee maneno kama yalivyo.

#8 FundiMaweni
Dada, Z3735F ni prosesa ya biti 64. Nimehakikisha sasa hivi kwenye tovuti ya Intel. Hilo swali halitatufikisha popote.

#9 KopiNaChapa
Imeandikwa “32-bit operating system, x64-based processor”. Zote tano.

#10 dada_terminal
Ahsante, hilo ndilo nililolitaka.

Windows inapowaka kwa UEFI, biti zake lazima zilingane na biti za UEFI yenyewe. Ukiona Windows ya biti 32 kwenye mashine isiyo na CSM, basi UEFI yake ni ya biti 32, hata prosesa iwe ya 64. Fundi hajakosea kuhusu prosesa, ila prosesa siye bawabu. Bawabu ni UEFI, na bawabu huyu anatafuta jina moja tu, BOOTIA32.EFI. BOOTX64.EFI analipita kama hajaliona. Ndiyo maana shemeji anafungua na wewe hufungui.

Vifaa vya Atom za kizazi hicho, tableti na laptopu za bei ya chini, vingi ni hivyo. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ilipata uwezo wa kuwaka ikiwa ya biti 64 juu ya UEFI ya biti 32 kuanzia toleo la 3.15, mwaka 2014. Kwa hiyo kerneli haina neno. Kinachokosekana ni faili moja dogo la GRUB, programu inayoianzisha kerneli, na ISO nyingi hazina faili hilo.

Fungua ISO kama unavyofungua zipu, ingia EFI/BOOT. Ukiliona bootia32.efi, hiyo inakufaa. Debian walianza kutoa ISO ya multi-arch (biti 32 na 64 pamoja) yenye uwezo huo kwenye toleo la 8, mwaka 2015. Ukitaka kubaki na distro uliyoipakua, tengeneza faili mwenyewe kwenye Debian au Ubuntu yoyote iliyowekwa grub-efi-ia32-bin:

grub-mkstandalone -O i386-efi -o BOOTIA32.EFI "boot/grub/grub.cfg=grub.cfg"

Hiyo grub.cfg unaiandika wewe: kerneli iko wapi, initrd (mfumo mdogo wa kuanzia) iko wapi. Faili likitoka, litie kwenye EFI/BOOT kando ya lile jingine. Hazigombani.

#11 KopiNaChapa
Dada, Mola akuzidishie. Nililala saa nane usiku nikibadilisha matundu ya USB.

#12 FundiMaweni
Nakubali nusu. Bado nasema Secure Boot ingemzuia hata angekuwa na hilo faili.

#13 punda_wa_Mkunguni
Nusu ya Malindi ndiyo hiyo hiyo, hata samaki wanakukatia nusu.

Jamani, Ngomeni hapo Waitaliano walirusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1967 kutoka majini, na nyinyi mwaka huu hamjaweza kurusha menyu ya GRUB.

#14 Mwl_Barani (Malindi)
Punda, mwaka 1967 ilirushwa San Marco 2. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru, ndipo jina likatoka hapo. Tuendelee.

#15 KilindiniByte
Dada kapatia, nafuta #6. Ila hiyo ya kuandika grub.cfg ni ndefu kwa mtu wa kazi. Aweke Ventoy tu. Ina BOOTIA32 na BOOTX64 zote mbili tayari, unaburuta ISO ndani ya flashi kama unavyonakili picha.

#16 KopiNaChapa
Ventoy nimeweka. Menyu imetokea! Nilipiga ukelele paka akaruka kutoka juu ya skana. (Paka wa hapa hulala penye joto, asikwambie mtu.)

Furaha ikadumu dakika moja. Nikichagua ISO inaandika “No bootfile found for UEFI” na kutaja IA32. Halafu stima ikapotea mtaa mzima, nikafunga duka.

#17 dada_terminal
Ventoy inafungua mlango wa nje, wa ndani ni wa ISO yenyewe. Ndiyo hasa nilikuwa nasema. Tafuta ISO yenye bootia32.efi.

Na kwa kuwa umetaja stima: usithubutu kusasisha bayosi ya hizo mashine umeme ukiwa wa kubahatisha. Betri ijae na waya uwe umechomekwa, au uache.

#18 Mwl_Barani
Naongeza kisa changu, kinakaribiana. Mimi nilinunua laptopu ya mkono wa pili kutoka kwa Mwitaliano, kibodi ya Kiitaliano. Sikutaka kuzima Secure Boot, nikaona nisajili ufunguo wangu wa sahihi kwa programu ya mokutil. Unaweka nywila ukiwa ndani ya Linux, unawasha upya, inakuja skrini ya buluu ya MokManager inakuuliza nywila ile ile.

Nikaandika, ikakataa. Mara ya pili, ya tatu, ikakataa. Nywila ilikuwa na kistari katikati. Kwenye kibodi ya Kiitaliano kistari kiko kando ya Shift ya kulia. MokManager haijui Kiitaliano, inachukulia kila kibodi ni ya Kimarekani, na kwa Mmarekani kitufe hicho ni mkwaju (/). Kistari chake kiko kulia kwa sifuri, pale ambapo yangu imechorwa alama ya kuuliza. Nilibonyeza alama ya kuuliza ikanikubali.

Siku hizi nywila ya hatua hiyo naweka herufi na tarakimu tu. Laptopu za KopiNaChapa zimetoka huku kwetu, aangalie kibodi zake.

#19 KopiNaChapa
Mwalimu, mbili ni za Kiitaliano kweli! Nilidhani zile è na ò ni uchafu wa wino.

#20 FundiMaweni
Mnaidharau Secure Boot. Agosti 2024 mteja wangu mwenye Windows na Linux pamoja alipokea sasisho la Windows, kesho yake Linux ikagoma kuwaka, inalalamika SBAT self-check (ukaguzi wa kama programu ya kubuti ni toleo la zamani) imefeli. Wengi duniani walikumbwa siku zile. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot, kuingia Linux, kupiga mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya, kisha kuirudisha. Mchana mzima ulinipotea, na mteja anasema nimemharibia mimi.

#21 KilindiniByte
Pole, lakini SBAT hukaguliwa Secure Boot ikiwa imewashwa. Huyu ameshaizima.

#22 FundiMaweni
Aliizima. Nani amehakikisha imebaki imezimwa?

#23 KopiNaChapa
Habari za siku mbili. Nilipata Debian yenye bootia32.efi, nikaipakua usiku bando likiwa rahisi. Nimezibandika namba mashine zote.

Namba 1, 2 na 3 zimewaka kwa flashi mara ya kwanza. Nimeangalia /sys/firmware/efi/fw_platform_size, inayotaja biti za UEFI, imejibu 32. Dada, heshima yako.

Namba 1 nimeshaiweka kabisa. Nilichelewa kidogo kwa kuwa nilikuwa natafuta diski kwa jina la sda, kumbe eMMC inaitwa mmcblk0. Sda ilikuwa flashi yenyewe, ningejichinja.

Namba 4 sielewi. Asubuhi inaiona flashi, mchana haiioni. Flashi ile ile, tundu lile lile.

Namba 5 inawaka, inafika katikati ya usakinishaji, inaganda. Kishale cha panya hakisogei, Caps Lock haibadiliki. Mara nne sasa, kila mara mahali tofauti.

#24 Jahazi64 (Shela, Lamu)
Namba 4 ni chumvi. Ulizeni sisi tunaokaa mita hamsini na bahari. Chukua tochi umulike ndani ya tundu la USB, uangalie vile vyuma vinne. Ukiona ukijani, ndiyo hiyo. Asubuhi kuna ubaridi na vinagusana, mchana bodi ikipata moto vinaachana. Mimi nilisafisha kwa mswaki laini na spiriti, nikaacha saa nzima ikauke. Yangu ilikuwa kwenye kasha la mkahawa na ikapona.

#25 KilindiniByte
Au flashi ni feki. Umeinunua wapi na bei gani? Kuna flashi zimeandikwa GB 64 na ndani mna 8, data ikivuka pale inaandikwa juu ya ya zamani. Ipime kwa f3write na f3read. Hiyo ingeeleza na namba 5 kuganda.

#26 dada_terminal
Namba 5 mimi nina mtuhumiwa mwingine. Atom za Bay Trail, na Z3735F ni mmojawapo, zina ugonjwa maarufu kwenye Linux: prosesa ikiingia usingizi mzito haiamki tena, mashine inaganda bila ujumbe wowote. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, nenda mwisho wa mstari wa linux, ongeza intel_idle.max_cstate=1, kisha F10. Betri itakwisha haraka kidogo, lakini usingizi mzito haupo tena.

Namba 4 naona ni Fast Boot. Ikiwashwa, UEFI inaruka kuzikagua USB ili iwahi. Halafu Windows nayo ina Fast Startup yake, ukibonyeza Shut down haifi, inasinzia. Asubuhi ulikuwa unaiwasha baada ya nini, na mchana baada ya nini?

#27 FundiMaweni
Namba 4 ni betri ya saa. Mipangilio inajirudisha yenyewe, Secure Boot inajiwasha. Aangalie tarehe kwenye bayosi, ikiwa ni ya miaka kumi nyuma mtaniamini. Na tarehe ikiwa mbovu sahihi zinaonekana hazijafika muda.

#28 Mwl_Barani
Fundi, la mwisho si sahihi. Secure Boot kwa kawaida haiangalii saa inapopima sahihi. Saa mbovu itamsumbua baadaye, kwenye kivinjari na apt ya kupakulia programu, ambako vyeti vinapimwa kwa tarehe. Hilo la mipangilio kujirudisha linawezekana, ingawa UEFI huhifadhi mengi kwenye flashi ya bodi ambayo haitegemei betri.

#29 FundiMaweni
Linawezekana. Asante.

#30 punda_wa_Mkunguni
Kwa hiyo namba 4 ina chumvi, ina betri mbovu, inasinzia na imepewa flashi feki. Maskini, hata mimi sibebeshwi hivyo.

#31 mgeni_tu
Samahani, nauliza kando. Mnasema “kubuti” kila mahali, hakuna Kiswahili chake? Kwetu tunasema kuwasha.

#32 Jahazi64
Kuwasha ni kubonyeza kitufe. Kubuti ni yale yanayofuata. Namba 4 inawaka vizuri, haibuti.

#33 mgeni_tu
Kuamka je? Imewashwa lakini haijaamka.

#34 KilindiniByte
“Laptopu haiamki” mteja atadhani imefariki.

#35 KopiNaChapa
Majibu kwa mpangilio nilioukumbuka.

Jahazi: nimemulika, kuna ukijani kidogo namba 4. Lakini namba 2 ina ukijani zaidi na inafanya kazi. Nimesafisha zote mbili.

KilindiniByte: f3read imesema flashi ni nzima. Nimeinunua Mombasa kwenu, kwa hiyo tulia.

Fundi: tarehe ya namba 4 ilikuwa ya mwaka 2015. Nimeirekebisha. Secure Boot nimeikuta imezimwa bado.

Dada: Fast Boot ilikuwa imewashwa namba 4, nimeizima. Na ni kweli, asubuhi nilikuwa nafanya Restart, mchana nafanya Shut down. Namba 5 na max_cstate=1 imemaliza kusakinisha, imekaa saa tatu haijaganda. Usiku ikaganda tena mara moja.

Wi-Fi haikuonekana mwanzoni namba 1. Kumbe ni ile chipu ya RTL8723BS, imekuja baada ya kuweka paketi ya firmware-realtek. Sauti bado, lakini maalim anasema hiyo ni neema.

#36 dada_terminal
Umefanya mambo matatu kwa pamoja kwenye namba 4, sasa tutajuaje ni lipi? Namba 5 nipe toleo la kerneli.

#37 KilindiniByte
Namba 5 ni eMMC imechoka. Angalia dmesg (kumbukumbu za kerneli) kama kuna makosa ya mmc.

#38 Jahazi64
Chumvi.

#39 KopiNaChapa
Nitaleta dmesg kesho inshallah, nikirudi kutoka Matondoni.

Namba 4 imewaka sasa hivi kwa flashi, saa tisa mchana, kwenye joto, baada ya Shut down. Nimerudisha Fast Boot kumjaribu dada, ikawaka. Nimerudisha tarehe ya 2015 kumjaribu Fundi, ikawaka. Iko hapa mezani, mtoto mmoja anaandika jina lake. Nimeambiwa niizime nikafunge duka na mimi naogopa kuizima.

#40 punda_wa_Mkunguni
Usiizime.